Sahani ya Konokono kule Ndosho

Kwa miaka sita, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kaswera alifunga ateliye yake ya kushona huko Mabanga saa sita mchana, hata kama kulikuwa na bibi harusi mlangoni analilia gauni. Alinawa mikono, akaondoa nyuzi zilizomganda kwenye sketi, akapanda pikipiki kwenda kuonana na Julie. Sharti lao lilikuwa moja tu: wale kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukitia mdomoni.

Hivyo ndivyo walivyoizunguka Goma nzima kwa meno. Walikula mposé, wale funza wanene wa michikichi, kwa mama mmoja kutoka Kisangani aliyeweka meza tatu nyuma ya soko. Huko Majengo, kwa muzee asiye na hata kibao cha jina mlangoni, walikula nungunungu wa kuchoma, miiba yake ikiwa imepangwa pembeni ya sahani kama ushahidi. Himbi, kwenye mgahawa wa vitambaa vyeupe, waliletewa pweza aliyesafiri ndani ya barafu, wakamtafuna mpaka mataya yakachoka, wakakubaliana kwamba wangekula kandambili wangeona tofauti ndogo. Walicheka hadi mhudumu akaja kuwauliza kama kuna shida.

Julie alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, karani katika ofisi ya mizigo karibu na bandari. Kaswera alikuwa Mnande wa Butembo. Walijuana siku Julie alipoleta kitenge cha kushonesha, akamkuta fundi anakula senene kwenye karatasi. Badala ya kuuliza bei ya kushona, aliuliza, "Mama, unaweza kunionjesha moja?" Alionja moja, akamaliza karatasi nzima. Kitenge kikasahauliwa hadi kesho yake.

Kwa Kaswera, Jumamosi zile hazikuwa mchezo. Mume wake, Kamate, alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu, na tangu barabara ya kaskazini ianze kufungwa na kufunguliwa kwa ajili ya vita, alikaa upande wa Butembo miezi na miezi. Binti yao alisoma kulekule, kwa bibi yake. Sauti zao Kaswera alizisikia kwenye simu. Uso wa mtu aliyefurahi kumwona aliupata mara moja kwa mwezi, ng'ambo ya sahani.

Kilichobaki katika orodha yao, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa mamba. Nyama yake ilifika mara chache, kwa ndege, katika mgahawa uleule wa Himbi. Waliahidiana kwamba watamla mwezi wa tisa, siku Kaswera atakapotimiza miaka arobaini. Si kabla.

Mwezi wa sita, Jumatatu moja, Kaswera alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mteja alipochukua simu kuangalia picha ambazo watu wameweka. Julie alikuwa ameweka yake. Ameketi kwenye kitambaa cheupe, amevaa libaya la njano, blauzi ya kitenge ambayo Kaswera mwenyewe alimshonea, na mbele yake kuna vipande vyeupe vya nyama vyenye ngozi ya magamba pembeni. Karibu naye, bega kwa bega, msichana mrefu mwenye nywele fupi ameinua uma juu kama mtu aliyeshinda mpira. Chini yake Julie aliandika: "Mamba! Na Prodige, mutu wa hatari."

Kaswera aliikuza picha kwa vidole viwili. Akaangalia sahani. Akaangalia bega. Akaangalia tena sahani. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilipomfikia puani, kola ya shati ilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi.

Jioni alimpigia Julie.

"Mulikula mamba," alisema, hata salamu hakutoa.

"Eh, sha, umeona!" Julie alicheka. "Ilikuwa tu vile. Prodige ni mupya pale kazini, alitoka Kinshasa. Boss alitupeleka wote kula, nyama ikawa iko. Ningesema hapana?"

"Ungesema hapana."

"Kaswera, mamba haiishe. Tutaikula tena siku yako."

"Sawa," alisema Kaswera. Lakini haikuwa sawa. Kuikula tena si kuikula. Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi aligundua kwamba neno lililomchoma zaidi si mamba, bali "mutu wa hatari". Kwa miaka sita Julie alikuwa anamwita yeye hivyo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilipofika, Julie hakuja peke yake. Walikuwa wamepanga kula vyura huko Katoyi, katika malewa ya bati ambako chakula kinapikwa mbele yako, na Prodige akashuka kwenye pikipiki ileile ya Julie, ameshikilia kiuno chake.

"Yaya Kaswera!" alisema, akimwita dada mkubwa, akamkumbatia kama ndugu. "Julie ananiambiaka habari yako kila siku. Kila siku!"

Ubaya wake ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Kaswera alitafuta kitu cha kumchukia, akakosa. Prodige alikula miguu ya vyura bila kukunja uso, akalamba mifupa, akamuuliza mpishi ni pilipili gani aliyotumia, akapiga picha, akasimulia jinsi mjomba wake wa Kindu alivyomfukuza nyoka jikoni kwa sufuria na mwishowe akala nyoka na kutupa sufuria. Julie alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja. Kaswera aliujua ule ufutaji wa machozi. Hadi siku hiyo ulikuwa wake.

"Wewe kuna kitu haukulangi?" Julie alimuuliza Prodige.

Prodige akaweka mfupa chini. Kwa mara ya kwanza uso wake ulitulia. "Kimoja tu. Kambare. Kwa mama yangu, kule Maniema, ukoo wetu haugusi kambare. Tangu babu ya babu. Mi nikiwa mutoto nilikuwa naona ni mambo ya bazee tu. Lakini mama, wakati alikuwa anakufa, alinishika mukono. Akasema, 'Kula byote ya dunia, lakini kambare umuachie maji yake.' Basi namuachiaka."

"Ni vizuri," Julie alisema taratibu, akamgusa mkono.

Kaswera aliona ule mkono juu ya mkono. Na lile neno la kambare aliliweka moyoni, kama fundi anavyochomeka sindano kwenye pindo la nguo yake, mahali ambapo hakuna anayeiona.

Mwezi wa saba aliukaa nalo. Akishona, linamjia, akipika, linamjia. Alijiambia mara nyingi kwamba hawezi. Kisha Julie alituma ujumbe: yeye na Prodige wamegundua mahali panapouzwa viwavi wa kukaanga, wamekwenda Jumatano, "ungekuwapo ungefurahi". Jumatano! Siku ambayo si ya mwisho wa kitu chochote. Kaswera aliweka simu ndani ya droo ya vifungo na kuifunga kwa ufunguo, akaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia jina la mama mmoja wa Ndosho.

Mama Mukashyaka alikuwa na malewa ndani kabisa ya Ndosho, nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma, mahali ambapo njia ni mawe meusi matupu na pikipiki zinakataa kuingia. Alijulikana kwa konokono wakubwa wa msituni, aliowapika katika mchuzi wa karanga. Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi aliyowaalika Julie na Prodige, Kaswera alimwendea, mkononi ana samaki wawili waliokaushwa kwa moshi, weusi kama makaa, vichwa vipana, ndevu bado zinaonekana.

"Mama, kesho nitakuja na wageni wawili. Hawa kambare ubasage mpaka bakuwe unga. Uchanganye ndani ya karanga. Mufupa usionekane."

Mama Mukashyaka aliwageuza wale samaki. "Konokono iko na ladha yake, mama yangu. Kambare ya nini?"

"Ladha tu."

"Hakuna mwenye hakulangi?"

"Hakuna," Kaswera alisema. Akashangaa jinsi neno lilivyotoka kwa urahisi.

Kesho yake walikaa watatu kwenye benchi moja refu. Sahani zikaja zikitoa moshi: konokono wamekatwa vipande vya kijivu, mchuzi mzito wa rangi ya udongo, na bugali pembeni. Prodige alimega bugali, akachovya, akatia mdomoni. Kaswera hakula. Alikuwa anaangalia koo la Prodige.

"Mm," Prodige alisema. Akafumba macho. "Yaya Kaswera! Hii ni nini wametia humu? Iko na kitu ingine ndani. Kama moshi. Eh, mi sijakula kitu tamu hivi tangu nifike Goma."

Akachovya tena. Kaswera aliingoja furaha. Ilikuja, lakini ndogo, kama mlio wa kifungo kinachoanguka sakafuni, kisha ikanyamaza. Mahali pake pakaingia baridi.

Julie alikuwa amemeza tonge la kwanza. La pili alilishika mkononi, akalinusa, akaliacha hewani. Huyu alikuwa amekulia nyumba ambayo baba yake alileta kambare wa moshi kila juma. Angemtambua hata akiwa amelala. Aliangalia mchuzi. Akaangalia sahani ya Kaswera, ambayo haikuguswa. Kisha akamwangalia Kaswera usoni, na Kaswera akashindwa kuinua macho.

Prodige alinyoosha mkono kuomba mchuzi zaidi.

"Acha," Julie alisema ghafla. "Prodige, uachane nayo. Konokono yangu inanuka, haikuiva. Itatuuma tumbo."

"Yangu iko muzuri, lakini."

"Nakuambia uache! Mi nilikufaka karibu, mwaka moja, juu ya nyama mubichi." Akavuta sahani ya Prodige, akaiweka juu ya yake, akasimama. Mama Mukashyaka alitoka jikoni amekasirika, kwani konokono wake walikuwa wameiva vizuri kabisa na alikuwa tayari kuapa. Julie alimwomba msamaha kwa mikono miwili, akamlipa, wakatoka.

Barabarani alimpandisha Prodige kwenye pikipiki, akamwambia atangulie. Kisha akamgeukia Kaswera. Nyuma yao mafundi walikuwa wanachomelea mlango wa chuma, cheche zinaruka.

"Ni weye uliiweka?"

"Nini?"

"Usinifanye mutoto, Kaswera."

Kaswera aliangalia zile cheche.

"Alikuambia neno ya mama yake. Mama mwenye alikufa! Na weye ukaenda kuisaga."

"Unamulinda sana," Kaswera alisema, na alipoisikia sauti yake mwenyewe aliona aibu, lakini haikuacha kutoka. "Mi, siku moja, ulinilindaka hivyo?"

Julie alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyokosea anwani. "Sitamuambia," alisema. "Si juu yako. Ni juu akijua, hatalala tena. Lakini weye usinipigie."

Akaenda kwa miguu juu ya mawe ya barabara, viatu vyake vya Jumamosi vinamtesa, hakugeuka.

Mwezi wa nane ulipita bila Jumamosi. Ningependa kusema kwamba Kaswera alijuta mara moja, lakini haikuwa hivyo. Wiki za kwanza wivu wake ulizidi kunenepa. Alijiambia kwamba sasa wale wawili wana siri inayowafunga, hata kama mmoja haijui, na kwamba ni yeye aliyewafungia kwa mikono yake. Alijichoma kidole kwa sindano ya cherehani mara mbili. Mama wa bibi harusi mmoja alimwambia wazi kwamba gauni limekaa kama gunia, na ilikuwa kweli.

Siku ya kutimiza miaka arobaini alikwenda Himbi peke yake. Bahati au bahati mbaya, mamba alikuwapo. Mhudumu alitandika, akauliza, "Mama, kuna mutu unamungojea?"

"Hapana."

Nyama ilikuwa nyeupe, laini, katikati ya kuku na samaki. Alitafuna kipande cha kwanza, akageuka kushoto kusema kitu, na pale kushoto kulikuwa na ukuta. Hapo ndipo alipomkumbuka Prodige. Si yule wa kwenye picha, bali yule wa Ndosho, aliyefumba macho na kusema hajala kitu kitamu hivyo tangu afike Goma. Msichana yule alikuwa kama anamshukuru. Kumshukuru kwa lile! Kaswera aliweka uma chini. Mamba akarudi jikoni karibu mzima.

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya lango la ofisi ya mizigo saa sita, watu wakienda kula. Aliomba ndani ya roho yake Julie asitoke wa kwanza. Akatoka Prodige, peke yake, na mafaili kwapani.

"Yaya Kaswera! Ulipotea wapi? Julie anasemaka uko na kazi mingi."

Kaswera alimvuta kando, kwenye kivuli cha kontena, akamwambia. Hakupamba. Alisema kambare, alisema alimleta yeye mwenyewe, alisema alijua.

Prodige alianza kucheka, kama anayengoja mwisho wa utani. Kisha cheko likamkauka. Alijishika koo kwa mkono mzima.

"Mama hakuniomba kitu ingine," alisema polepole. "Si pesa, si bwana wa kuoa. Ile tu. Juu ya nini, yaya? Mi nilikukoseaka nini?"

"Ulikula mamba."

"Mamba gani?"

"Mamba. Na Julie. Ilikuwa ya kwetu, mimi na yeye. Nilisikia wivu, Prodige. Hakuna kitu ingine. Nilisikia wivu mpaka nikakosa akili."

Prodige alitingisha kichwa, machozi yanamshuka bila sauti. Kisha akauliza neno ambalo Kaswera hakulitarajia. "Julie alijua?"

Hapo ndipo Kaswera alipoona kwamba mlango umefunguka wazi mbele yake. Alihitaji neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa kweli. Julie alijua. Julie alimeza, akanyamaza, akamdanganya Prodige tangu siku ile. Kaswera akisema ndiyo, wale wawili wataachana leo hii kwenye kivuli cha kontena, na Jumamosi zote zitarudi kwake. Wivu wake uliinuka, ukasimama wima kifuani, ukamwambia sema.

"Hapana," alisema. "Julie hakujua kitu. Alisikia tu konokono inanuka."

Prodige alijifuta uso kwa faili. "Basi uende," alisema. "Mi siwezi kukuangalia sasa."

Siku ya nne Julie aliingia ateliye. Hakuketi. Alishika mgongo wa kiti cha wateja.

"Prodige aliniambia. Ulimuambia sikujua."

"Ee."

"Ulimudanganya juu yangu?"

"Sikutaka umupoteze na weye."

Julie aliangalia nje, ambako mwanamke mmoja alikuwa anapanga nyanya juu ya gunia. "Mi nilimuambia kweli jana," alisema. "Kwamba nilijua. Alikasirika sana. Alisema mi na weye tuko sawa, tulimuchukua kama mujinga. Alipigia shangazi yake kule Kindu, na bamama ya kule wakamuambia atakwenda kwenye kaburi ya mama yake kuomba, na ataoga maji gani sijui. Ataenda mwezi wa kumi na mbili. Akirudi, tutaona kama atanisemesha."

"Na weye?" Kaswera aliuliza. "Utanisemesha?"

"Niko nakusemesha." Julie aliketi mwishowe. Alionekana amechoka. "Lakini Kaswera, mi si sahani. Hauwezi kunifunika na mukono ili mutu ingine asitie tonge."

Kaswera aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu kigumu hivyo kwa sauti ndogo hivyo.

Prodige alikwenda, akarudi. Kwa Julie alirudi polepole, kwanza salamu, kisha chai, kisha viwavi wa kukaanga. Kwa Kaswera hakurudi. Wakikutana barabarani humwita "mama", si "yaya" tena, na kupita. Kaswera huitikia, na huona kwamba ni haki.

Julie naye huja ateliye, lakini Jumamosi zao sasa ni mwezi mmoja ndiyo, mwezi mwingine hapana. Zile za hapana ni za Prodige. Kaswera huzijua bila kuambiwa. Siku hizo kifua humwaka tangu asubuhi. Hapigi pasi kitu cha mteja, maana anajijua.

Jumamosi moja ya namna hiyo alitoka nje, akasimama mbele ya yule mwanamke wa nyanya. Jina lake Kanyere. Walikuwa majirani wa biashara miaka mitatu na hawakuwahi kusemeshana zaidi ya bei.

"Mama Kanyere, ulishaka kula chura?"

Kanyere alimtazama kama anayeangalia mgonjwa. "Chura ya maji? Mi? Hata ndani ya resto sijaingiaka."

"Funika nyanya. Twende Katoyi."

Walikwenda. Kanyere alilikalia benchi kwa ncha tu, kama mtu aliye tayari kukimbia, mkoba wake umebanwa kwenye tumbo. Sahani ilipofika aliangalia vile vimiguu, akafanya ishara ya msalaba, akachukua kimoja kwa vidole viwili na kukitia mdomoni huku amefumba macho. Kaswera aliinama mbele. Kwa muda ule mfupi hakuwaza Julie yuko wapi, wala anakula nini, wala na nani.

Kanyere alitafuna. Akatafuna tena. Akafumbua jicho moja.

"Ni kuku," alisema. "Lakini kuku mwenye alijifunzaka kuogelea."

Akanyoosha mkono kuchukua cha pili.